Jino Alilolitazama Mama

Wenzangu wa maabara, siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa keki, kitenge na saa ya ukutani, kisha mkanitaka niseme maneno machache. Nilisema asante nikakaa, kwa sababu nilikuwa nalia, na mimi nikilia sauti inakuwa ya mbuzi. Sasa nimetulia nyumbani kwangu Rau, saa yenu inapiga kelele ukutani, nami nayaandika yale niliyoshindwa kuyasema siku ile. Habari za vyeo na mishahara sizigusi. Vyeo vilikuja vilivyokuja, na mshahara mnaujua wenyewe, maana mnalipwa huo huo.

Kazi yangu yote ilikuwa vinyama. Mgonjwa akikatwa kipande cha uvimbe, kile kinyama kinaletwa kwetu ndani ya chupa ya formalini, dawa ya kuzuia kuoza. Tunakigandisha kwenye nta, tunakikata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, tunavitandaza juu ya kioo na kuvitia rangi, ili daktari atazame kwenye hadubini aseme ni saratani au siyo. Majirani zangu wameamini miaka yote kwamba nafanya kazi bucha ya hospitali. Mmoja aliwahi kuniomba nimletee utumbo wa Krismasi. Nilimwambia utumbo upo, ila hautampendeza.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Anaeli, mtu mrefu mkimya, aliyeanza kukata vinyama mimi nikiwa bado shule ya msingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, na cheti hakuniuliza. Alinikalisha mbele ya mikrotomu, ile mashine ya kukatia, yenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono na kisu cha kutisha. "Zungusha," akasema. Nikazungusha. Nta ikatoka imekunjamana, imechanika, nyingine ikanirukia kwenye nywele. Nilizungusha mpaka mkono ukafa ganzi. Jioni aliokota vile vichane kwa brashi, akanitazama.

"Binti, umegombana na nani nyumbani?"

"Sijagombana na mtu, Mzee."

"Basi umegombana na kisu. Kesho njoo umelala vizuri."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, kwa maneno machache na kwa kuona aibu. Ipoze nta kwa barafu kabla ya kukata, usione uvivu. Ikigoma, ipumulie kidogo, pumzi ya mtu ina joto la kutosha. Usiongee ukikata. Maji ya kutandazia yawe ya vuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga. Yakizidi, nta inayeyuka na kinyama cha mtu kinasambaa kama uji. Na lile ambalo baadhi yenu mnalifanyia mzaha hadi leo, nawajua kwa majina: safisha kila kitu kabla ya kugusa chupa nyingine. Kipande cha mtu mmoja kikipotea kikaingia kwenye kioo cha mwenzake, umempa mtu saratani isiyo yake. Mzee Anaeli aliniambia hilo mara moja tu, kwa sauti ya chini, na hakurudia.

Miaka ikaenda. Nilizoea kuona seli zikifa, kwa sababu ndani ya uvimbe zinakufa ovyo, zinapasuka, zinamwaga uchafu wake na kuwasha moto kila mahali. Kwangu mimi kifo kwenye kioo kilikuwa habari mbaya, basi. Halafu akaja Daktari Happy.

Daktari Happy alikuwa wa meno, kijana wakati ule, mwenye kicheko cha kusikika mpaka geti la hospitali. Aliniletea vichupa vya vichwa vya panya ambao hawajazaliwa, vidogo kama punje za maharage, akasema anataka kuona jino linavyoanza.

"La panya?" nikamwuliza. "Daktari, wagonjwa wamekwisha hospitalini?"

"Dada Ndeshi, la panya na la kwako yanaanza namna moja."

"Asante kwa kuniheshimu."

Nilikata vile vichwa kwa manung'uniko, kwa sababu ni kazi ya kuumiza shingo. Daktari akaleta rangi ya pekee, inayoshika seli zinazokufa tu na kuzigeuza kahawia. Zilizo hai zinabaki buluu. Nilifuata maelekezo yake hatua kwa hatua, nikaweka kioo kwenye hadubini, na kabla ya kumwita nikachungulia mwenyewe. Kila mkata vinyama huchungulia, msinidanganye.

Jino haliji likiwa gumu. Linaanza kama mkunjo mdogo wa ufizi, laini kama ini, kisha mkunjo unajiinamia unakuwa na umbo la kofia. Katikati ya kofia kuna fundo la seli zilizosongamana. Seli za fundo hilo haziongezeki. Kazi yake ni kuziagiza jirani zake: ninyi ongezekeni huku, ninyi shukeni kule, hapa patakuwa na ncha. Zikishamaliza kuagiza, zinakufa. Hakuna mdudu aliyeziingia wala kidonda. Kila moja inajikunja, inajikata vipande, na kila kipande kinabaki kimefungwa vizuri, hakivuji. Kisha zinakuja seli za ulinzi, zile zile zinazomeza vijidudu mtu akiwa na jeraha, zinameza mabaki moja baada ya jingine. Usaha hakuna. Kovu hakuna. Jino linaendelea kujengwa kana kwamba pale hapakuwahi kuwa na kitu.

Niliona fundo lote limegeuka kahawia, na pande zote buluu tupu, zilizo hai. Nikasema "Yesu wangu!" kwa sauti, peke yangu chumbani. Niliondoa jicho, nikarudisha. Kuna asubuhi hapa Moshi mawingu yanafunguka bila taarifa na Kibo anasimama mweupe juu ya paa la stoo. Mtu uliyezaliwa chini yake unasimama na ndoo mkononi kama mgeni. Ndivyo nilivyokuwa. Niliogopa, na nilifurahi, na sikujua nimshukuru nani kwanza.

Daktari Happy alipokuja alinikuta bado nimeinama. "Kila ncha ya jino lako," aliniambia, "iliagizwa na fundo ambalo halipo tena." Siku nzima ile nilikuwa napitisha ulimi kwenye meno yangu ya nyuma, nikihesabu marehemu.

Sasa kesi ngumu. Wengine wenu mmekulia mijini, labda meno ya plastiki mmeyasikia kwa mbali tu. Mtoto wa miezi michache anaharisha, ana homa, hanyonyi. Bibi anapitisha kidole kwenye ufizi, anakuta pamevimba mahali pa chonge, anasema haya ndiyo meno ya plastiki, haya ndiyo yanamuua. Anaitwa fundi, anachimba ufizi kwa spoku ya baiskeli au chochote chenye ncha, anatoa vitu vyeupe, vyororo, vinavyoteleza. Anawaonyesha. Na ukivitazama kweli vinafanana na plastiki. Ubaya wa jambo hili ni kwamba wanachokiona kipo. Ni chonge za mtoto, zimechimbwa kabla hazijawa ngumu.

Aliletwa mtoto mmoja kutoka juu huko milimani, ufizi umeoza, homa inawaka. Mama yake alikuwa ameshika leso, ndani ya leso kuna vile vitu viwili. Alimwambia daktari wa wodi, "Pimeni hii plastiki mjue imetoka wapi." Daktari akatuletea. Nilivilainisha kwa asidi, polepole, nikavigandisha, nikakata. Lilikuwa jino, tena zuri. Seli zinazojenga ganda la nje zimesimama mstari mmoja, ndefu, zimebanana. Kwenye ncha, ambako ujenzi ulikuwa umetangulia, baadhi zilikuwa zimeanza kufa kwa utaratibu ule ule niliouona kwa panya, na karibu yake seli ya kusafisha, nene, imejaa makombo. Kazi ilikuwa inaendelea. Nilipokuwa natia rangi, mtoto alikuwa bado hai. Majibu yalipopanda wodini, alikuwa amekwisha kufa.

Sikumwona yule mama tena. Kioo nilikirudisha kabatini na kipande chake cha nta, kama tunavyofanya kwa vyote. Kwa muda mrefu kila nilipopita kabati lile nilisikia hasira, na hasira yangu haikuwa na pa kwenda.

Pa kwenda palikuwepo, ila nilikuwa napakwepa. Palikuwa nyumbani kwetu.

Mdogo wangu Manka, kitindamimba wetu, hana chonge hata moja, juu wala chini. Zilichimbwa akiwa mchanga, na za ukubwani nazo hazikuja. Tangu akiwa msichana akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, na ana macho ya kucheka, Mungu anisamehe kusema, yaani mtu unasikia uchungu. Aliyeita fundi ni mama yetu. Mama si mjinga, na nitamkasirikia atakayesoma hivyo. Kabla ya Manka alizika watoto wawili, wote kwa kuharisha. Manka naye akaanza kuharisha. Wakati huo habari za meno ya plastiki zilikuwa ndiyo kwanza zimefika kwetu Machame. Mama akaita fundi, Manka akachimbwa, Manka akapona. Hebu mwambie mtu huyo kwamba amekosea.

Miaka mingi baadaye Manka, tulipokuwa tumeshakata tamaa, akajifungua mtoto wa kiume. Alimwita Brayson, jina ambalo Mama hajawahi kulitamka sawasawa. Alikwenda kwa Mama huko Machame kulelewa uzazi, supu ya ndizi ya mtori asubuhi, mtori jioni, akanenepa akapendeza. Walikaa huko miezi kadhaa. Kisha akanipigia simu kazini, anaongea kwa kunong'ona.

"Dada, mtoto anaharisha tangu juzi. Mama amemshika ufizi. Amemwita yule mama wa Masama anayechimba meno ya plastiki, anakuja kesho."

"Mpakie mtoto mshuke sasa hivi!"

"Dada, nitampita vipi Mama mlangoni?"

Nilipanda Machame na koti langu la maabara mwilini. Mama alikuwa jikoni, amempakata Brayson, mtoto macho yameingia ndani, mdomo mkavu. Nilianza kwa adabu, shikamoo Mama, marahaba, habari za hapa. Kisha adabu ikaniishia.

"Mama, hayo ni meno yake! Mtoto anakauka maji, anahitaji hospitali!"

"Wewe Ndeshi unanifundisha kulea?" Alisema kwa Kimachame, polepole, na Mama akisema polepole ujue umekwisha. "Wawili niliwapeleka hospitali. Wamelala pale chini ya migomba. Mmoja nilimtoa plastiki. Yule pale, amesimama. Nawe unanionyesha nini?"

Manka alikuwa amesimama mlangoni na kiganja mdomoni.

Nilichosema hakikuwa na busara yoyote, kilinitoka tu. "Njoo nikuonyeshe, Mama. Hiyo plastiki ninayo. Ipo kazini kwangu, nimeikata mwenyewe."

Alinitazama. "Unayo?"

"Ninayo. Njoo uione kwa macho yako. Ila mtoto aje pamoja nasi, atazamwe na daktari wakati wewe unatazama."

Mama alifikiri. "Nikiona plastiki," akasema, "mtaniacha na mjukuu wangu na hakuna atakayefungua mdomo."

"Na ukiona jino?"

"Nikiona jino, nitanyamaza mimi."

Njia nzima ya kushuka nilikuwa naomba. Sikuwa na wasiwasi na jino. Nilikuwa na wasiwasi na macho ya Mama, kwa maana alikuwa ametolewa mtoto wa jicho upande mmoja tu, na hata wanafunzi wa udaktari siku ya kwanza hawaoni kitu. Asipoona, neno nimeshalitoa.

Brayson alipokelewa akatundikiwa dripu, Manka akabaki naye. Mimi nikamkalisha Mama kwenye kiti changu, nikampandisha kwa mto, akainama na kilemba chake chote.

"Naona nyasi."

"Hizo ni kope zako, Mama. Sogea nyuma kidogo."

"Sasa naona giza."

"Fungua lile jicho lililopona."

"Usinipigie kelele, nimekuzaa." Akatulia. Nilizungusha kirungu cha hadubini kidogo kidogo, jasho linanitoka. Kisha nikaona mabega yake yameacha kusogea.

"Eeh," akasema. "Eeh, jamani. Ni kitambaa? Nani amefuma?"

"Hajafuma mtu. Ni zile seli zinazojenga jino. Fuata ule mstari hadi ncha. Unaiona ncha?"

"Chonge," akasema Mama, taratibu. "Ni chonge hii. Ina ncha."

Aliendelea kutazama. Aliniuliza zile zilizosinyaa pale juu zina ugonjwa gani. Nikamwambia hazina ugonjwa, zimemaliza kazi yake zinakufa, na lile bonge pembeni ni la kusafisha, linakula mabaki ili mahali pabaki safi. Aliniuliza nani anaziambia muda umefika. Nikamwambia zinajua zenyewe, na wakubwa wa vyuo bado wanachunguza zinajuaje.

"Kama mgomba," akasema bila kuondoa jicho. "Ukishatoa ndizi unakatwa, ng'ombe anakula, samadi inarudi kwa watoto wake shinani." Akasogea karibu zaidi. "Na haya yote yako mdomoni mwa kitoto kile? Sasa hivi?"

"Sasa hivi, Mama. Usiku na mchana."

"Loo, Mungu huyu!" Alilisema kama nilivyolisema mimi kwa panya wa Daktari Happy, kwa woga ule ule. Nilitamani angeishia hapo. Lakini Mama ni Mama.

"Hili ni la nani?"

"La mtoto wa mtu. Lilichimbwa. Hakupona."

Akaondoa jicho. "Na ya Manka yalikuwa hivi?"

Ningeweza kumpunguzia. Madaktari wanaosoma vioo huwa wanaandika wanachokiona, na mimi nilikuwa nimekaa karibu nao maisha yangu yote. "Ndiyo, Mama. Yalikuwa hivi hivi."

Aliteremka kwenye kiti mwenyewe, akakataa mkono wangu. Alikwenda wodini, akakaa karibu na kitanda cha Brayson, na alinyamaza kama alivyoahidi. Yule mama wa Masama alifika Machame akakuta mlango umefungwa. Mtoto alipata maji, homa ikashuka, siku chache baadaye alikuwa anavuta kilemba cha bibi yake. Mama habari ya meno hakuitaja. Si wiki ile, si mwezi ule, si Krismasi. Nilidhani ameamua kuizika, nami nikamwacha.

Kisha mwaka ulipopita akatuita sote Machame, bila kusema kuna nini. Tulimkuta uani na Brayson amesimama kati ya magoti yake. Alitutaka tumwangalie mtoto mdomoni. Chonge ya juu ilikuwa imechomoza, ncha tupu, nyeupe. Mama alipitisha kidole juu yake, Brayson akamng'ata, Mama akapiga ukelele wa furaha mpaka jirani akachungulia.

Halafu aliinuka, akaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akavunja jani la isale. Ninyi wa huku mnalijua, kwa wageni nitasema: ukimkosea mtu, unafunga fundo jani la isale unampelekea, na akiliona hawezi kukukatalia msamaha. Nimeona ndugu walioshtakiana mashamba wakila sahani moja kwa ajili ya jani lile. Mzazi kumpelekea mtoto wake wa kumzaa, hilo sikuwahi kuliona wala kulisikia.

Mama alifunga fundo, akasimama mbele ya Manka.

"Mama, acha," Manka akasema. "Ulitaka nipone."

"Nilitaka upone. Pokea."

Manka alipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa. Alikuwa analia, kisha akacheka, akacheka sana, na kwa kuwa mikono yote ilikuwa imeshika jani, haukubaki wa kuziba mdomo.